Mashine Iliyorudishwa Ulemo

Mimi si mtu wa kuogopa ogopa. Nimeuza vitenge barazani pale Singida mjini tangu enzi ambazo nguo ya dukani ilikuwa ya kupangia foleni, mpaka biashara huria ilipokuja na kila mwenye ukuta akatoboa dirisha akaliita duka. Wezi nimewakimbiza, mgambo nimebishana nao, na mganga mmoja aliyetaka kitenge cha bure nilimwambia aniroge kwanza ndipo nimpe. Basi mkinisikia nasema kuna jambo lilinitetemesha, msinicheke. Lilimpata mdogo wangu wa tumbo moja, Febronia, na nililiona mwenyewe, mchana kweupe, jua linawaka.

Lilianza siku ya kawaida kabisa. Ilikuwa mwaka elfu mbili na nne, msimu wa kuvuna alizeti, mji mzima unanuka mafuta kutoka kwenye mashine za kukamulia. Febronia alikuja barazani kwangu na chupa ya chai kama kila asubuhi, akakalia jora langu jipya bila hata kuomba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Inuka juu ya kitenge changu."

Hakuinuka. "Dada, Gervas ana mwanamke."

"Mwanamke gani tena?"

"Anastazia."

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia mapajani. Anastazia alikuwa marehemu. Tulimzika wote, na Febronia mwenyewe alikuwa mmoja wa waliopika ugali wa msiba.

Niwaeleze. Gervas, shemeji yangu, ni mfanyabiashara wa vitunguu. Anastazia alikuwa mke wake wa kwanza, binti wa Ulemo kule Iramba, aliyesomea uhazili Tabora. Ndiye aliyeleta kompyuta ya kwanza katika mtaa wetu na kufungua duka la kuchapa: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, kusafisha picha za zamani. Duka lake na kibanda changu vinatenganishwa na ukuta wa mbao tu. Alikuwa anachapa kwa vidole vyote kumi, haangalii vidole, macho yapo mlangoni kwa wateja, na mlio wake ulikuwa mvua kwenye bati. Mimi aliniita Mama Elisha, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Homa ilimchukua haraka, hata hatukuwahi kuaga.

Gervas alipoamua kumuoa mdogo wangu, wazee walifanya yanayofanywa katika ukoo wao. Mafiga ya marehemu hayapikiwi na mwingine. Yanabebwa, yanarudishwa kwao alikotoka, pamoja na kinu na mwiko, na mke mpya anaingia na mafiga yake. Hakuna mwanamke anayefurahi kumkuta mwenzake jikoni, awe hai au awe kaburini. Mama Manase, mama mzazi wa Anastazia, alikuja kutoka Ulemo kuvichukua. Alivifunga vyote kwenye kanga, halafu akanyoosha kidole dukani.

"Na ile mashine. Ile ndiyo aliyokuwa anapikia mwanangu."

Gervas alikubali palepale. Aliyekataa ni Febronia. Jamani, yule mtoto ana wivu! Tangu mdogo alikuwa halali mpaka ahesabu kama kipande changu cha nyama ni kikubwa kuliko chake. "Mume nimemkuta wa kwake," aliniambia. "Kitanda nimekikuta. Jina lake limeandikwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu, Anastazia Stationery, na Gervas hataki kulifuta. Angalau hiyo mashine niishike iwe yangu."

Mama Manase hakubishana. Alisema tu, "Haya mwanangu. Siku ukiichoka usimpe mtu. Niletee mimi."

Basi mdogo wangu akajifunza kuchapa kwa mashine ya marehemu. Alichapa kwa vidole viwili, akitafuta herufi moja moja, kama kuku anadonoa mtama. Wateja hawana adabu. "Eeh, marehemu alikuwa na mkono mwepesi," wanasema, huku wamekaa mbele yake. Anatabasamu, wakiondoka anakuja kulia kwangu. Kile kitambaa cha kufuma alichoacha Anastazia juu ya mashine alikichoma moto. Pazia akabadilisha. Wivu haukupoa hata kidogo, tena nadhani ulishiba ukanenepa.

Sasa asubuhi ile ya chai akaniambia kisa. Ndani ya mashine kulikuwa na picha za Anastazia, na moja amevaa gauni la njano, anacheka. Mashine ina mahali inapoonyesha vitu vilivyofunguliwa karibuni, na kila akitazama, picha ile ya njano ipo. Yeye hajaifungua.

"Nani mwingine anaingia humu? Gervas. Nikienda sokoni mchana anabaki dukani, anakaa anamtazama. Ananiacha mimi hapa, mzima, anamtazama maiti." Akaweka chupa ya chai chini. "Nikimthibitishia, dada, narudi Ilongero kwa baba. Siwezi kugombea mume na kaburi."

Gervas alipoulizwa alishika kichwa. "Mke wangu, mimi hata kuiwasha siwezi. Mikono yangu ni ya vitunguu."

Hakuaminiwa. Febronia akaenda kumwita Hiren, mtoto wa mzee Chhotalal mwenye duka la vipuri vya baiskeli, aliyekuwa amerudi kutoka Dar alikosomea mambo ya kompyuta. Kijana mpole, mrefu, anaongea kama mtu wa hapahapa maana ni wa hapahapa. Alitusalimia, akavuta kigoda.

"Kila faili lina alama za saa," alitueleza. "Lilipoandikwa, lilipobadilishwa, liliposomwa mara ya mwisho. Nina programu inayoziokota alama zote na kuzipanga foleni moja, ya zamani mbele, ya leo nyuma. Tutaona nani alipita wapi, na saa ngapi. Lakini dada Febronia, nisikilize. Ukiifungua picha ili uone kama imefunguliwa, umeifungua wewe. Alama ya mwenzako inafutika, inabaki yako."

Febronia alimkodolea macho. Mimi nilimwelewa haraka. Kwetu Ilongero mama alikuwa anafagia ua jioni huku anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, ili asubuhi aone nyayo za aliyepita. Ole wako utoke kwenda kuchungulia kabla yake! Utakuta nyayo zako tu, na fimbo.

"Kwa hiyo picha hiyo usiiguse," Hiren akasema. "Nitakuja jioni jioni kuchukua alama."

Akawa anakuja jioni baada ya jioni duka likifungwa. Anatia sidii yake, skrini inakuwa nyeusi tii, hakuna picha wala maua, maandishi meupe tu. Anatoa nakala ya diski nzima kwanza. "Yenyewe siigusi," alisema, "nasoma nakala." Febronia naye akaapa kwa Mungu mbele yangu kwamba hajaifungua ile picha hata mara moja. Mdogo wangu haapi uongo.

Wiki ilipoisha Hiren alituita wote wawili, mchana, Gervas akiwa safarini Manyoni. Akaandika amri moja, alama zikakusanyika. Akaandika ya pili, zikajipanga. Mistari ikapanda skrini mpaka nikasikia kizunguzungu. Akaisimamisha kwa kidole.

"Hii hapa. Gauni la njano. Imesomwa jana, juzi, siku zote mlizofungua duka."

Febronia aliinama akasoma mwenyewe, akapiga makofi. "Nane! Mmeona? Saa nane! Saa nane mimi niko sokoni, yeye yuko hapa! Nilisema mimi!"

Hiren alijikuna shingo. "Dada, mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane. Hiyo si saa nane mchana. Ni saa mbili asubuhi."

Saa mbili asubuhi Gervas yuko sokoni anapakia vitunguu, mji mzima unamwona na kumsikia akigombana na wapagazi. Saa mbili ni saa anayofungua duka Febronia. Na ufunguo anaulaza shingoni mwake.

"Sijaigusa," alisema kwa sauti ndogo. "Dada, wallahi sijaigusa." Sisi ni Wakristo, lakini alisema hivyohivyo.

"Kuna nyingine," Hiren akasema. Sasa hakuwa anatutazama. "Picha ya harusi yako. Hii haisomwi tu. Inabadilishwa. Kila asubuhi, kidogo kidogo." Akaondoa mkono kwenye kibodi. "Mimi ningeomba nisiifungue."

"Fungua," Febronia akasema.

Akaifungua kwenye nakala. Gervas alikuwa vilevile, suti yake imembana. Gauni jeupe lilikuwa la mdogo wangu, nililishona mimi. Maua yake. Mkono wake, pete yake. Lakini kidevu hakikuwa chake. Wala mdomo. Ule mdomo nilikuwa naujua, ulikuwa unacheka kwenye gauni la njano. Kazi safi, hakuna mshono. Macho tu ndiyo yalikuwa bado ya Febronia.

Hiren akachomoa sidii yake, akaenda kwao bila kuaga.

Kesho yake niliwahi barazani. Febronia akaja, uso umevimba kwa kulia, akanipa shikamoo, nikaitikia. Akafungua kufuli. Akaingia. Nilimsikia anavuta kiti.

Kimya.

Halafu mvua ikaanza.

Nilitazama juu. Mbingu ilikuwa bluu, hakuna hata wingu. Mvua ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Inanyesha kwenye bati, haraka, bila kukatika. Nilikwenda. Nilisimama mlangoni.

Mdogo wangu alikuwa amekaa, mgongo umenyooka. Vidole kumi. Vyote kumi. Vinakimbia. Macho hayako kwenye kibodi. Yako mlangoni. Yananitazama.

"Mama Elisha," akanong'ona. "Umeamkaje?"

Febronia hajawahi kuniita Mama Elisha tangu azaliwe.

"Usimwambie," akasema, mdomo unacheka. "Nimebakiza macho tu."

Mvua ikakatika. Mabega yakamshuka. Akapangusa uso, akaangalia kibodi, akaanza kudonoa. Ta. Ta. Ta.

"Dada, mbona umesimama hapo kama umeona nyoka?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, sikuficha, maana nani huyo wa kunitisha mimi nisimwambie mdogo wangu? Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia mashine iende Ulemo leo, sasa hivi, nakodi pikapu mimi. Mafiga yamerudi, kinu kimerudi, figa moja mmebaki nalo na ndilo marehemu analokalia. Mnadhani alisikia? Alilia, halafu ule wivu wake ukainua kichwa.

"Nikiirudisha atakuwa ameshinda."

"Febronia! Anakumaliza!"

"Mume wangu, duka langu, mashine yangu. Nimemkuta marehemu, na atabaki marehemu."

Nilimtuma mtu akamtafute Gervas stendi anaposhukia. Alipofika na kusikia, alikuwa mweupe kama jivu, akasema irudi leoleo, tena jina la mlangoni atalifuta kwa mikono yake. Hilo neno ndilo lililomlainisha Febronia. Alimtazama mumewe kwa muda, kama mtu aliyepewa alichokililia. "Haya," akasema. "Kesho. Kuna kadi za harusi za watu, zimebaki chache, namaliza asubuhi mapema halafu tunaondoka." Nikasema leo. Akasema kesho. Gervas akasema, shemeji, mwache, kesho si mbali. Mimi nilipiga kelele mpaka watu wakajaa barazani, na bado ikawa kesho.

Asubuhi ile pikapu ilikuwa imeshasimama nje inatusubiri. Nilikaa ndani naye, nimemganda. Alipoanza kudonoa kadi nilipumua. Mteja akaniita nje kwa kitenge cha msiba. Nilitoka kukata kitenge, jamani, kukata kitenge tu.

Mvua ilinyesha kidogo. Manyunyu. Ikakatika.

Nilitupa mkasi nikakimbia ndani. Febronia alikuwa amesimama, ametulia, ameshachomoa nyaya na kuzikunja vizuri. "Twendeni," akasema. Hakulia wala kubisha. Nilifurahi, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikadhani moyo wake umekubali.

Njia nzima alipakata kibodi. Ulemo, nyumbani kwa Mama Manase hakuna umeme, nguzo ziliishia barabarani kule mbali. Mama Manase aliipokea mashine kwa mikono miwili, akaiweka pembeni karibu na yale mafiga, akaifunika kanga. Halafu akamtazama Febronia. Akamtazama sana. Akaanza kulia.

Nilidhani ni uchungu wa mtoto wake. Febronia alimsogelea, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Usilie mama," alisema. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kunywa maji, na hakuuliza mtungi uko wapi.

Gervas alinunua mashine mpya. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nakunja majora. Nikasikia kiti kinavutwa. Na mvua ikaanza, na haikukatika mpaka mchana. Wateja wanamsifu siku hizi. Jina la mlangoni halikufutwa, na yeye haulizi tena. Akitoka nje ananipungia mkono, mkono wa mdogo wangu, wenye kovu la moto alilolipata nikimfundisha kukaanga maandazi. "Mama Elisha, umeamkaje?" Najibu nimeamka salama. Nifanye nini? Nilimwambia Gervas, akaniambia, "Shemeji, mwache mke wangu. Siku hizi nyumba ina amani." Ana raha, yule bwana. Namwonea wivu yule mwanamke, nakiri. Anacheka kwa meno ya Febronia, anakula kwa mkono wa Febronia, na ndiye anayenisalimia mimi kila asubuhi. Ningeweza ningemvua mikono hiyo.

Halafu kabla ya Krismasi Manase alikuja kutoka Ulemo, kaka wa marehemu, mtu mzima na ndevu zake, anazungusha kofia mikononi. "Mama anasema uje. Njoo na yule Mhindi wa kompyuta."

Tulikwenda. Mama Manase hakutukaribisha chai. Alitukalisha chumbani, akaweka kidole mdomoni. Tukasubiri. Nje kuku wanaparua, mbuzi analia. Pembeni mashine imefunikwa kanga, nyaya zimekunjwa na kufungwa kamba, kama tulivyoziacha.

Ta.

Nilishika mkono wa Hiren.

Ta. Ta.

Chini ya kanga. Polepole. Anatafuta herufi moja moja. Kama kuku anadonoa mtama.

"Febronia?" nikanong'ona.

Ikanyamaza. Nilifunua kanga. Kibodi tu, na vumbi juu yake. Kwenye vumbi, kwenye vitufe, alama za vidole. Vidole viwili.

Hiren aliifungua mashine akatoa diski, akaifunga kwenye kitambaa, akaishika kifuani mpaka Singida. Dukani kwa baba yake akaifunga kwenye mashine yake, akatoa nakala, akaandika amri ya kwanza, akaandika ya pili. Mistari ikapanda. Ilipofika siku ile ya pikapu yote ikakoma, kama inavyotakiwa, maana mashine haikuguswa na umeme tena.

Isipokuwa mstari mmoja wa mwisho kabisa.

Ilikuwa picha ambayo hata mimi niliisahau. Mimi na Febronia mbele ya kibanda, siku ya kuagwa kwake kwenda kuolewa, tumeshikana viuno, namkemea kwa kitu fulani naye anacheka. Ilikuwa imesomwa leo, saa ambayo diski ilikuwa kifuani kwa Hiren, ndani ya basi, inatikisika kwenye mashimo.

Hiren akanigeukia. "Dada Jenipher," akauliza, "niifungue? Yenyewe, siyo nakala. Labda kuna kitu ameandika juu yake."

Nilimshika mkono nikamzuia. Nilimwambia airudishe Ulemo kama ilivyo, asibonyeze kitu. Ukiifungua, alama inayobaki ni yako. Na ile iliyopo pale ni ya kwake.